Mlango Uliotazama Benchi la Wakwe

Ndugu zangu wa Mwinzula, na ninyi wa vijiji vyote vya njia ya reli kutoka Tabora mpaka Kaliua, ninayo habari ya nyumba moja. Nitaisimulia polepole ili asiyetaka kuisikia apate nafasi ya kuondoka. Atakayebaki asije kunung'unika baadaye kwamba nimemsema yeye. Nimewasema wote, na nyumba niliyoichagua ni ile mnayoiheshimu.

Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, na udongo ulikuwa laini. Apolinaria, mke wa mzee Kasimiri, alikaa barazani akibangua karanga za mbegu pamoja na Minza, mke wa mwanawe Festo. Minza alikuwa na mimba yake ya kwanza, na ilikuwa imekaribia. Kila baada ya karanga chache moja iliingia mdomoni mwake, na mama mkwe alijifanya haoni. Mzee Kasimiri alikuwa upande wa pili wa nyumba akinoa panga, maana kwetu baba mkwe na mke wa mwana hawakai pamoja. Akitaka kitu humwagiza mkewe, na Minza akitaka kupita huzunguka nyuma ya ghala. Hawakuchukiana hata kidogo. Hiyo ndiyo heshima, na nyumba ile iliishika bila kuiona mzigo.

"Mama, hizi tutazipanda lini?" Minza aliuliza huku akitafuna.

"Ukiacha kuzila ndipo tutajua kama kuna za kupanda," Apolinaria alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Jua lilipopanda, kengele ya shule ikagongwa kuita watu mkutanoni. Apolinaria alijifunga khanga safi akaenda, kwa kuwa yeye ni mwenyekiti wa akina mama wa kigango, na mkutano bila yeye haunogi.

Aliyeitisha mkutano alikuwa Sixbert, mganga mfawidhi wa kituo chetu cha afya. Si mtu mbaya, nawaambia mapema. Alisimama mbele ya wazee waliokaa vitini na akina mama waliokaa chini, akauliza kwa moyo safi: "Jamani, huduma zetu mnazionaje? Semeni kwa uhuru."

Watu wakawa kimya. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Mahona, akamnyooshea Apolinaria kidole. "Mama Festo, wasemee akina mama."

Apolinaria akainuka. "Shikamooni wazee. Kwa kweli huduma ni nzuri. Tunapokelewa vizuri, dawa tunapata. Sisi akina mama hatuna la kulalamika, tunashukuru."

Makofi yakapigwa. Sixbert akaandika kwamba huduma ni nzuri, akaondoka ameridhika.

Sasa niwaulize ninyi mliopiga makofi: hamkuujua ule mlango? Mnaujua. Chumba cha kujifungulia cha kituo chetu mlango wake unafungukia kwenye baraza wanaposubiri wagonjwa wa nje, na ukuta wake haujafika darini. Siku ya wenye presha, wazee wote wa kijiji hukaa pale kwenye mabenchi wakisubiri kupimwa. Mwanamke mwenye uchungu hana budi awapite ameshika kiuno, miguu imelowa, na kati yao yumo baba mkwe wake. Akishaingia, kilio chake chote kinasikika benchini. Wanawake wa Mwinzula walikuwa wakilijua hilo tangu kituo kijengwe, na kila mmoja alikuwa na njia yake ya kulikwepa. Lakini nani angelisema mkutanoni, mbele ya wakwe haohao? Kulisema ni kuwafanya walitazame. Basi tukachukua neno "nzuri" tukalifunika juu yake kama kawa juu ya chungu kinachoungua, na tukashangaa harufu inatoka wapi.

Haikupita muda mrefu uchungu wa Minza ukaanza. Ulianza asubuhi, wakati Festo ameshaondoka kwenda Kaliua kutafuta mbolea na Apolinaria yuko shambani anapanda karanga. Minza hakupiga kelele. Alichukua kadi yake ya kliniki na khanga mbili, akatembea mwenyewe hadi kwenye uzio wa kituo. Akasimama hapo. Siku hiyo ilikuwa siku ya wenye presha, na kwenye benchi la mwisho, lile linalogusana na mlango, alikuwa ameketi mzee Kasimiri na kofia yake.

Jirani yao, mama mmoja aitwaye Kashindye, alikuwa akitoka kisimani. Alimwona Minza akishika nguzo ya uzio, akitazama, kisha akigeuka. Kashindye alidhani ameambiwa arudi nyumbani kwanza.

Minza alikusudia kungoja wazee wamalize kupimwa. Uchungu haungoji mtu. Ulimzidi njiani, akaingia katika bani la kukaushia tumbaku, ambalo msimu huo lilikuwa tupu, na humo ndani akajifungua peke yake.

Apolinaria alisikia ukelele mmoja tu kutoka upande wa bani, akatupa jembe. Alipofika alimkuta mtoto amelala kwenye khanga, wa kiume, kitovu kimemzunguka shingo, hapumui. Alimfungua, akampuliza mdomoni, akamsugua mgongo, akamwita. Mtoto hakuitika. Na damu ya Minza ilikuwa haikomi.

Mume wa Kashindye aliwabeba kwa pikipiki, Minza katikati, Apolinaria nyuma akimshikilia. Walifika kituoni na kupita mbele ya mabenchi yaleyale, damu ikidondoka sakafuni. Wazee walisimama wote. Kasimiri alivua kofia akageukia ukutani.

Minza alipona. Najiat, muuguzi, alimhangaikia mpaka damu ikasimama, na haki yake tumpe. Lakini mtoto alizikwa jioni hiyohiyo nyuma ya nyumba, na waliomzika ni Apolinaria na wanawake wenzake, wakati mama yake yungali amelala wodini. Waliona ni afadhali yaishe kabla hajarudi.

Kesho yake Sixbert alipita wodini na uso wa hasira. "Wanawake wa hapa mna nini? Kituo mnakiona kwa macho, bado mnazalia mabanini! Kwa nini hukuja mapema?"

"Uchungu ulinishika ghafla," Minza akasema huku akitazama shuka.

Apolinaria, aliyekuwa amekaa pembeni na kikombe cha uji, alishasikia kwa Kashindye habari za kwenye uzio. Alijua kwamba jibu lile ni uongo. Akajua pia umetoka wapi, maana ulikuwa mtoto wa ule wake wa mkutanoni. Hasira ilimpanda, na safari hii haikumpandia mtu mwingine.

Msibani walikuja wengi. Najiat naye akaja. Huyu Najiat ni Mzaramo wa Kisarawe, na mnajua Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za ndovu begani hadi pwani na kupita katika nchi ya kina Najiat. Mtani msibani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Alisimama mlangoni pa jiko, akashika kiuno.

"Nyie Wanyamwezi!" alisema kwa sauti. "Babu zenu walibeba mizigo toka huku mpaka Bagamoyo, wakapita kwetu wanahema. Leo mjukuu wao kashindwa kubeba tumbo toka hapa mpaka pale kituoni? Lini mmekuwa legelege hivi?"

Akina mama waliokuwa wakimenya viazi walicheka kidogo, kicheko cha msibani, wakangoja Apolinaria arudishe utani. Apolinaria aliweka kisu chini.

"Mtani wangu, babu zetu walifika kwa sababu njia ilikuwa inapitika. Hiyo yenu haipitiki. Minza alifika. Alifika mpaka kwenye uzio, akamwona baba mkwe wake amekaa mlangoni pa chumba chenu cha kuzalia, akarudi. Sasa nijibu wewe Mzaramo: ungempita baba mkwe wako katika hali ile, ukaingia ndani ukalia, naye anasikia kila kitu? Au kwenu wakwe hawana masikio?"

Kicheko kikakatika. Neno kama lile, lingesemwa na mtu mwingine kwa mtu mwingine, lingeleta ugomvi wa miaka. Kwa mtani halina ugomvi, lakini bado ni neno. Najiat aliketi kwenye kigoda.

"Kumbe ni mlango?" aliuliza. "Siku zote sisi tunasema ni uzembe. Mbona hamkutuambia?"

"Mlituuliza wapi? Mbele ya nani?"

Najiat akachukua kisu kilichowekwa chini, akaanza kumenya viazi na wenzake.

Walipoondoa matanga, Apolinaria alikwenda kituoni. Hakungoja kuitwa. Alimweleza Sixbert habari yote ya mlango, na mganga akamsikiliza huku akikunja uso.

"Lakini mama, mkutanoni wewe mwenyewe ulisema akina mama hawana la kulalamika."

"Nilisema. Nimekuja kulifuta neno langu, daktari. Nilisema vile kwa sababu ya adabu, na adabu ile imeniulia mjukuu."

Hapo Sixbert akafanya kosa ambalo wasomi wetu hulipenda. Alisema ukuta hauvunjwi kwa neno la mtu mmoja mwenye majonzi, kwa hiyo ataitisha mkutano mwingine, watu wote waulizwe kuhusu mlango.

Mkutano ukaitishwa. Wazee vitini, akina mama chini. "Haya," akasema Sixbert, "ule mlango wa chumba cha kujifungulia, una shida?" Jamani! Mzee mmoja alianza kuitazama anga kana kwamba anatafuta mvua. Kashindye, aliyekuwa ameapa asubuhi ile kwamba leo atasema, alifunga fundo la khanga yake, akalifungua, akalifunga tena. Mwisho sauti moja ikasema, "Tuko sawa tu, daktari."

Apolinaria akasimama. Mzee Mahona akakohoa. "Mama Festo, haya kweli ni mambo ya kusema hapa?"

"Kama si ya kusema hapa, mwenyekiti," Apolinaria alimjibu, "basi tuulizwe mahali pa kuyasemea. Sitakaa kimya mpaka papatikane."

Akaketi. Watu walisema Mama Festo amechanganyikiwa kwa msiba. Waacheni waseme, aliyeona kaburi la mjukuu wake haogopi maneno ya barazani.

Mahali pa kusemea alipapata mwenyewe. Tumbaku ilipokauka na msimu wa kuchambua ukafika, akina mama walikaa kama kawaida yao chini ya kibanda, wakitenganisha majani kwa rangi na ukubwa. Ninyi mlioishi nayo kazi hiyo mnajua, mikono inakwenda na midomo inakwenda. Wanaume hawakai pale, wana kazi ya kufunga marobota mbali kidogo. Apolinaria alimwita Najiat aje siku asiyo na zamu, bila sare, amejifunga khanga kama wengine. Akapewa rundo lake la majani achambue, na akachekwa kwa kuyachanganya.

"Mzaramo anachambua tumbaku kama anachagua dagaa!"

"Dagaa angalau wanaliwa," Najiat akasema. "Haya, nichekeni mpaka mchoke. Halafu mniambie, mkija kwetu kujifungua mnaona nini?"

Hapo ndipo maneno yalipotoka. Mlango kila mtu aliutaja. Lakini Apolinaria, aliyedhani anayajua yote, alisikia mengine ambayo hayakuwahi kumjia hata ndotoni. Mmoja alisema analazwa chali wakati mwili wake unataka apige magoti. Mwingine alisema anachoogopa ni kubaki peke yake akisikia mlio wa kitanda tu, na kama angeruhusiwa kuingia na mama yake angekwenda hata kama mlango ungekuwa sokoni. Kashindye akamtazama Najiat usoni. "Wewe mtani, una sauti ya kuitia treni. Siku ile uliniita jina na kusema mbele ya watu wote kwamba nimekutwa na ugonjwa wa kaswende. Mume wangu alisikia kwa watu kabla sijamwambia mimi."

Najiat aliweka jani lake chini. "Nilifanya hivyo?" akauliza.

"Ulifanya."

"Nisamehe, Kashindye. Sikujua kwamba nasikika." Na machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Minza alikuwa amekaa mwisho, karibu na nguzo. Hakuna aliyemuuliza kitu, kwa kumwonea huruma. Yeye mwenyewe akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye majani.

"Mimi baba mkwe nilimwogopa. Lakini ningeweza kumtuma mtu amwite Najiat anifuate kwenye uzio. Niliwaza hilo. Nikakumbuka mama alisimama mkutanoni akasema hatuna la kulalamika. Nikaona nikianza kulalamika mimi, mke wa mwanawe, nitamfanya mama mwongo mbele ya kijiji."

Apolinaria alifungua mdomo ajitetee. Alikuwa na utetezi mzuri, wa adabu na wa mila, na wote mle wangemkubalia. Akaufunga mdomo. Ndugu yangu, kusikiliza si kazi ya masikio peke yake, na siku ile mama yule aliifanya kazi ngumu kuliko kulima.

Jioni, alipompelekea Kasimiri chakula, alikaa naye. "Mzee wangu, nina neno la aibu."

"Sema, aibu kubwa tulishaiona."

Akamweleza habari za benchi. Alitegemea mumewe akasirike. Kasimiri alinawa mikono, akaacha ugali upoe.

"Mnadhani sisi tunapenda kukaa pale?" alisema. "Akipita mke wa mwana wa mtu tunatazama vidole vya miguu. Akilia ndani, mmoja wetu huanza kuzungumzia bei ya ng'ombe kwa nguvu ili tusisikie. Presha zenyewe zinapanda palepale. Siku ile ya Minza nilikaa lile benchi la mwisho kwa sababu mengine yalikuwa yamejaa. Kila siku najiuliza, ningekaa nje juani ingekuwaje."

"Mbona hamkusema?"

"Tungesemaje mbele yenu?"

Wakatazamana, wazee wawili walioishi pamoja miaka yote hiyo, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lilelile kwa heshima. Apolinaria alilia, na Kasimiri akamwacha alie.

Asubuhi Kasimiri alikwenda kwa Sixbert pamoja na wenzake wa presha. Hakumhutubia. Alimwambia tu, "Daktari, siku yetu ya kupimwa, njoo ukae nasi benchini. Usivae koti jeupe."

Sixbert alikuja, nadhani kwa kuona haya kumkatalia mzee. Akakaa benchi la mwisho. Mwanamke mmoja akaletwa, mke wa mwana wa mzee mmoja wa palepale. Apolinaria, aliyekuwa amemsindikiza mumewe, alimwona mganga akiwatazama wazee mmoja mmoja, wote wameinamisha vichwa. Ndani mwanamke akaanza kulia. Mzee mmoja akapaza sauti, "Ng'ombe mnadani juzi walikuwa bei gani vile?" Sixbert akainuka, akaenda akasimama nje karibu na tangi la maji, na alikaa huko kitambo.

Aliporudi alimkuta Apolinaria. "Mama, miaka yote nimeingia chumba kile kwa ule mlango," alisema. "Sijawahi kukaa huku."

"Sasa umekaa."

"Sasa nimekaa. Tuanze."

Na wakaanza kweli. Kiangazi hicho wanaume walifyatua matofali, wakauziba mlango ule na kutoboa mwingine nyuma, unaotazama msitu wa miombo, wakauzungushia ua wa matete. Ukuta ukapandishwa hadi darini. Wazee wakajengewa banda lao upande wa reli, ambako wanaweza kuzungumzia ng'ombe kwa raha zao. Ikaruhusiwa mama kuingia na mwanamke mmoja anayemtaka mwenyewe, na kuzaa akiwa amekaa anavyopenda kama hakuna hatari. Najiat alijifunza kusema kwa sauti ya chini. Ilimpa shida, lakini alijifunza.

Wala hawakuishia hapo, maana jengo jipya nalo huwa bovu siku moja. Walikubaliana kwamba kila aliyejifungua atatembelewa nyumbani na mwanamke aliyechaguliwa na wenzake, aulizwe yaliyompata. Mama mkwe asimuulize mke wa mwanawe. Atakayesemwa asitajiwe aliyemsema. Na kila msimu Sixbert awarudie akina mama kibandani awaambie lipi limefanyika, lipi bado, na lipi halina fedha. La maji ya moto halikuwa na fedha. Aliwaambia hivyo waziwazi, wakaguna, lakini hawakuacha kusema.

Mwaka uliofuata Minza akashika mimba tena. Kijiji kizima kilihesabu naye, na nyumba ya Apolinaria haikuwa na usingizi. Mlango mpya ni kitu kimoja. Kumpitisha humo aliyekwisha kuzika ni kingine.

Siku yake ilifika ikaangukia siku ya wenye presha. Kasimiri alikuwa upande wa reli na wenzake. Minza alizunguka na njia ya nyuma, akitembea kwa miguu yake, akisimama kila uchungu ulipompitia. Apolinaria alikwenda naye kwa sababu Minza alisema anamtaka. Ndani, Minza alipiga magoti ameshika kitanda, akalia anavyotaka, na hakuna mkwe aliyesikia.

Mtoto alitoka kimya. Wa kike, rangi yake ya buluu, kitovu kimemzunguka kama kaka yake. Apolinaria alijua analolitazama. Lakini hapa palikuwa na Najiat. Alikifungua kitovu, akamkausha mtoto kwa nguvu, akamwekea barakoa ndogo usoni na kuanza kuminya mfuko wa hewa, huku akimsemesha kwa sauti ya chini, "Haya Mnyamwezi, beba mzigo wako, haya." Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda chenyewe. Kisha yule mtoto akalia, na Minza akaangua kilio naye.

Baada ya majuma machache Kashindye alikuja nyumbani kumuuliza Minza yaliyompata, kama walivyokubaliana. Apolinaria akainuka atoke.

"Mama akae," Minza alisema. "Nataka asikie."

Apolinaria akakaa.

"Safari hii nilihudumiwa vyema, na nasema kweli," Minza alianza. Mtoto alikuwa kifuani mwake, ananyonya. "Nina jambo la safari ile. Mtoto wangu wa kwanza mlimzika nikiwa wodini. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kumwona. Nilikuwa nimeshampa jina, Anton. Nilimbeba tumboni muda wote ule na sijui uso wake."

"Mwanangu, nilidhani nakukinga," Apolinaria alisema.

"Najua, mama. Lakini hukuniuliza."

Apolinaria alimshika Minza mkono, akamwinua na mtoto wake, wakaenda wote nyuma ya nyumba. Akamwonyesha mahali penyewe. Kisha akamweleza. Kwamba alikuwa na nywele nyingi. Kwamba paji la uso lilikuwa la Festo. Kwamba alimfunga kwa khanga yake mwenyewe, ile ya njano, na akamwombea kabla ya kumweka. Minza aliuliza kila kitu, hata vidole, na Apolinaria alimjibu kila kitu. Walikaa pale mpaka mtoto akalala.

Kashindye alilipeleka neno hilo kituoni. Tangu siku hiyo, mama wa Mwinzula akipoteza mtoto, yeye ndiye huulizwa kwanza kama anataka kumshika. Wapo wanaokataa. Wengi hawakatai.

FUNZO

Wana Mwinzula, na ninyi mnaotuhudumia, hadithi yenyewe imeshasema, lakini nitaitamka ili asiwepo wa kusingizia kwamba hakuelewa. Heshima ni nguzo ya nyumba zetu, nami siwaambii muing'oe. Ila heshima inayomfanya mgonjwa aseme "nzuri" huku anaumia, hiyo ni maradhi, na imeshaua. Ukiulizwa, sema yaliyokupata. Anayekuhudumia hawezi kukiona kilicho mgongoni mwako.

Na wewe mwenye koti jeupe, usijisifu kwamba uliwauliza watu wakanyamaza. Jiulize uliwauliza wapi, mbele ya nani, na baadaye uliwarudia kuwaambia umefanya nini. Watu wetu si mabubu. Kaa kwenye benchi lao utawasikia.

Na sisi mama wakwe, dada, na jirani tunaojua kinachowafaa wengine kuliko wao wenyewe, tuanze na swali moja dogo kabla ya kutenda: wewe unatakaje? Apolinaria alivunja ukuta wa matofali kabla hajalijua hilo. Mtoto wa Minza sasa anatambaa, na wa kwanza ana jina lake, na jina hilo hutajwa katika nyumba ile bila mtu kunong'ona.